Mkono Uliogeuzwa Mara Mbili

Faruk wa Walukuba, mjini Jinja, hakuwahi kuwa askari, lakini mtaa mzima ulimwita Afande. Aliyevaa sare na kubeba bunduki alikuwa babu yake. Yeye alikuwa nyampara katika kiwanda cha mabati kwa miaka ishirini na mitatu, na kilichompatia cheo hicho ni mgongo wake ulionyooka, pamoja na desturi yake ya kusahihisha Kiswahili cha watu njiani. Muuza nyanya aliyemwambia "nyanya hii yote ni mzuri" hakuuza kitu mpaka atamke "nyanya hizi zote ni nzuri", na baada ya hapo ilimpasa kushukuru.

Miaka sita iliyopita mashine ya kukunja mabati iliuchukua mkono wake wa kulia: vidole vyote vitano na nusu ya kiganja. Kifundo kilisalimika. Tangu siku hiyo alisalimia watu kwa kuweka mkono wa kushoto kifuani, kwa kuwa hakulelewa kumpa mtu mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauweka ndani ya kanzu kama mtu anayeficha deni. Binti yake mkubwa, Rania, alipoolewa, ilimpasa baba kumshika bwana harusi mkono wa kulia mbele ya sheikh na kutamka maneno ya kumwoza. Faruk alimteua mdogo wake Jamiru kuwa wakili, na yeye mwenyewe akakaa mwisho wa mkeka kama jirani aliyealikwa. Hakulalamika siku ile wala baadaye. Lakini binti yake wa pili, Khadija, alipoposwa, Faruk alitoa tamko wakati wa chakula.

"Khadija nitamwoza mwenyewe. Kwa mkono wa kulia."

"Upi?" aliuliza mkewe, Mastula, bila kuinua macho kutoka kwenye sinia.

"Utakaopatikana."

Ulipatikana, au tuseme njia ya kuupata ilipatikana, kutokana na kazi za watoto wenyewe. Rania alikuwa mchoraji katika karakana ya Balwant hapo Jinja, ambako huchora vipuri vya mashine ndani ya kompyuta, si juu ya karatasi, bali kwa umbo kamili ambalo mtu aweza kulizungusha na kulitazama mgongoni. Naye mchumba wa Khadija, kijana aliyeitwa Nasif, alikuwa na kibanda Namatala, kule Mbale, na ndani ya kibanda hicho printa ambayo haichapi maandishi. Huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kisimame: kitasa cha redio, gurudumu la cherehani, kifuniko cha mashine ya kusagia. Rania angechora mkono, Nasif angeuchapa.

"Kijana anajitengenezea mkono wa kumpokea," alisema Mastula. "Asipoupenda, atamlaumu nani?"

Rania alianza na mkono uliobaki. Alimkalisha baba yake kwenye kigoda uani, akamwambia asitikisike, akaupiga picha mkono wa kushoto mara mia moja na ishirini kwa simu huku akimzunguka. Programu ya kazini ikaziunganisha picha zile kuwa umbo moja. Kisha Rania akaliweka umbo hilo kana kwamba mbele ya kioo, na kidole gumba kikahamia upande wa pili. Mkono wa kushoto ukawa wa kulia. Alipomwonyesha baba yake, Faruk aliinama akaonyesha kwa kidole mahali karibu na gumba.

"Kovu la msumari," alisema. "Halikuwa mkono huo."

"Limehama pamoja na mkono, Baba. Ukitaka nitalifuta."

"Liache."

Rania akaukata mkono penye viungo, akatoboa njia za nyuzi zitakazovuta vidole, na kazi yake ikaisha. Ugumu ulianza pale mkono ulipotakiwa kusafiri. Programu ya karakana huandika mafaili kwa namna yake yenyewe, na programu ya printa ya Nasif haiijui namna hiyo. Ni kama makarani wawili, kila mmoja na mwandiko wake, na hakuna anayekubali kujifunza wa mwenzake. Faili lilipaswa kubadilishwa kwanza liwe la aina nyepesi, ile inayoeleza kila umbo kwa pembetatu ndogo ndogo, ambayo karibu kila programu huielewa. Rania alilibadilisha mwenyewe, akalituma. Asilolikumbuka ni kwamba faili la pembetatu hubeba namba tupu, bila kusema ni namba za nini. Yeye alipima kwa sentimita. Programu ya Nasif ilipoona kumi na tisa, ilidhani ni milimita.

Mkono ulifika Jinja ndani ya kiberiti.

Ulikuwa mkono kamili usio na kasoro, wenye kucha na kovu, mfupi kuliko kidole cha mtoto. Faruk aliuweka juu ya meza na kuuzunguka.

"Huu ni wa nani?"

"Wa panya," alisema Mastula. "Nasif anaoa kwa panya."

Rania alimpigia simu Nasif papo hapo. Yeye alikuwa shemeji yake, na kwa shemeji utani haukatazwi. "Shemeji, uliuona ule mkono ulipotoka?"

"Niliuona."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa," alisema Nasif kwa sauti ya adabu. "Ila ulitoka kwa Baba. Nikasema labda Baba anataka sampuli kwanza."

"Sampuli ya kuvaa kwenye sikio?"

"Shemeji, mimi siwezi kumwuliza baba wa mchumba wangu ukubwa wa mkono wake."

Huo ndio ulikuwa udhaifu wa kijana yule, ikiwa adabu ni udhaifu. Alikuwa ameposa miezi minne iliyopita, na tangu wakati huo hakuwa amemtazama Faruk usoni wala kumpinga kwa lolote. Walikubaliana kwamba safari hii Rania amtumie faili lenyewe la asili, na kazi ya kulibadilisha afanye yeye Nasif, kwa kuwa alikuwa na programu ambayo kabla ya kubadilisha humwuliza mtu vipimo ni vya aina gani. Jumapili alasiri Rania alikaa sebuleni kuandika ujumbe. Aliandika hivi: *Nasif hii ni orijino, konvati mwenyewe, yuniti ni senti, usichezee kitu kingine.*

Faruk alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Konvati ni nini?"

"Ni kubadilisha faili, Baba. Liingie kwenye programu nyingine."

"Kiswahili kimekosa neno? Na senti ni nini? Umempelekea kijana mkono au umempelekea chenji? Ndiyo maana tuliletewa panya. Futa. Nitasema, wewe andika."

Rania akafuta. Faruk akasimama sawasawa, mkono wa kushoto mgongoni, na kutamka kama anayesoma tangazo la kiwanda:

*Kwa kijana wetu Nasif. Baada ya salamu, pokea faili la mkono. Vipimo vyake ni vya sentimita. Kabla ya kulichapa usikose kuligeuza. Ndimi Faruk.*

Kidole cha Rania kilisita juu ya simu. "Baba, hapo kwenye kuligeuza, sijui kama ata—"

"Atafanya nini?"

"Kugeuza kunaweza kuwa—"

"Kugeuza ni kugeuza. Tuma."

Rania akatuma. Ndoa ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri.

Sanduku lilifika Alhamisi asubuhi kwa teksi iliyotoka Mbale. Dereva alilibeba miguuni kutoka stendi ya kule hadi ya huku, akasema abiria mmoja aliyepanda Busiu alikuwa ameomba kuliwekea mguu, naye akamkataza. Faruk alijitayarisha kulifungua kama mtu anayekwenda kupiga picha. Alioga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akakaa kwenye kiti chenye mikono. Khadija, ambaye kwa siku hizo hakuruhusiwa kufanya kazi yoyote ya nyumbani, alisimama mlangoni, viganja vyake vimejaa hina.

Mkono ulikuwa mzuri. Safari hii ukubwa ulikuwa wenyewe. Nasif alikuwa ametafuta plastiki ya rangi ya kahawa iliyochanganywa na maziwa kidogo, na kila kidole alikuwa amekipitishia uzi wa kuvulia samaki, imara na usioonekana. Penye kifundo palikuwa na mikanda miwili ya ngozi. Rania alimvalisha baba yake, akafunga mikanda, akarudi nyuma hatua moja kuutazama.

Kidole gumba kilikuwa upande wa nje.

Faruk aliinua mkono, akaushusha. Aliufungua, akaupindua, akauvaa tena; gumba likarudi mahali pake, lakini sasa kiganja kilitazama dari.

"Kidole gumba kinasimamisha bodaboda," alisema Mastula, lakini kwa sauti ndogo, kwa maana alimwona mumewe usoni.

"Huu ni wa kushoto," alisema Faruk.

"Baba, mimi nilituma wa kulia. Naapa."

"Sikusema hukutuma."

Rania alipiga simu na kuiweka mezani ili wote wasikie. "Shemeji, mkono umefika. Ni wa kushoto."

"Ndiyo," alisema Nasif.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo ni wa kushoto. Faili lilipofunguka niliona mkono wa kulia. Nikasoma tena ujumbe. Unasema nisikose kuligeuza. Najua picha zilipigwa mkono wa kushoto, ikabidi kuwe na mahali pa kugeuzwa. Nikaligeuza."

"Kugeuza faili, Nasif. Si kugeuza mkono. Mkono niliugeuza mimi hapa."

"Sasa umegeuzwa mara mbili," alisema Nasif taratibu, kama mtu anayehesabu. "Ndiyo maana umerudi ulikotoka."

"Uliona ni wa kulia, ukaufanya wa kushoto, na hukupiga hata simu?"

"Ujumbe ulikuwa wa Baba. Ulikuwa na 'ndimi Faruk' chini. Kama ungekuwa wako, shemeji, ningekupigia na kukutukana."

Mastula alijifunika mdomo kwa ncha ya leso. Faruk alikuwa ameketi na mkono wa kahawa mapajani, akiutazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekaa kiti kisicho chake. Nje, mwanamke alipita akitangaza dagaa. Mastula akajongea karibu.

"Baba Rania. Jamiru yupo. Anajua maneno yote, alishayasema mara moja na ndoa ikasimama. Hakuna atakayekucheka."

"Najua hakuna."

"Basi?"

"Siku ya Rania nilikaa mwisho wa mkeka," alisema Faruk. "Mtu akaniuliza mimi ni nani wa bibi harusi. Nikamwambia jirani."

Rania aligeuza uso. Hakuwa akijua jambo hilo. Khadija, pale mlangoni, aliinua viganja vyake vya hina kana kwamba anataka kufuta kitu, akakumbuka kwamba haruhusiwi kugusa chochote, akavishusha.

Faruk akanyoosha mkono wa kushoto, akaivuta simu karibu. Katika miezi minne hakuwa amezungumza na Nasif hata mara moja bila mtu kati yao.

"Nasif."

Kule Mbale kitu kilianguka. "Naam, Baba."

"Neno lile lilikuwa langu. Binti alikuwa ameandika lake, nikalifuta. Neno langu lilikuwa bovu."

"Hapana, Baba. Lilikuwa neno zuri. Mimi ndiye niliyelisikia vibaya."

"Hukulisikia vibaya. Lina maana mbili, nami nilikuwa na moja tu kichwani."

"Baba, mimi ningepaswa kuwa na zote mbili."

"Sikubali. Kosa ni la aliyesema."

"Naomba liwe la aliyefanya, Baba."

"Nyinyi wawili," alisema Rania, "mtaombana radhi mpaka umeme wa Namatala ukatike. Shemeji, umeme upo?"

"Upo."

"Vidole vinne havina kushoto wala kulia, tutavitumia hivi hivi. Kinachotakiwa ni kiganja na gumba. Kuvichapa kutachukua saa ngapi?"

"Kumi na moja, kama hakuna kitakachokatika. Kikikatika, mashine inakumbuka ilipofikia."

"Lile uliloligeuza lifute. Chukua nililotuma mimi Jumapili. Liko?"

"Liko. Nifanye nini nalo?"

Rania alimtazama baba yake. Mastula naye alimtazama. Hata Khadija alimtazama.

"Mwambie," alisema Faruk, na kila silabi ilishuka kooni mwake kama klorokwini, "alikonvati."

"Nimesikia, Baba," ilisema simu.

"Na lisiguswe kwa lingine lolote."

Alasiri ile Rania alivitoa vidole vinne kwenye kiganja kibaya, akavitia namba kwa kalamu, akaviweka ndani ya bakuli. Mastula alipita na sufuria. "Visichanganyike na mihogo," alisema. "Mgeni akikuta kucha kwenye mchuzi, ndoa itavunjika kabla haijafungwa."

Umeme wa Namatala ulikatika mara mbili. Mara ya kwanza Nasif alituma ujumbe kwa shemeji yake. Mara ya pili hakutuma, na Faruk, ambaye hakuwahi kumiliki simu yenye picha, alimwuliza Rania mara saba kama yake ina chaji.

Ijumaa, sala ilipokwisha na watu kubaki msikitini kungoja akidi ya ndoa, bwana harusi alikuwa bado njiani. Alifika na kanzu yake nyeupe, kofia mpya, na taulo lililoviringishwa kwapani. Kwa desturi alitakiwa kukaa mbali na mkwewe mpaka aitwe. Badala yake alikwenda moja kwa moja hadi barazani alipoketi Faruk, akapiga magoti mbele yake, macho chini, akafungua taulo. Ndani yake palikuwa na kiganja, kidole gumba, sindano nene, uzi wa samaki na bisibisi.

Sheikh aliinama kutazama. "Mabwana harusi wengine huja na manukato," alisema.

Bakuli la vidole lilipitishwa kutoka upande wa wanawake, likifuatwa na sauti ya Rania kupitia dirisha la mbao lililotobolewa. "Anza na kidole cha mwisho, shemeji. Namba ziko chini."

"Ninaziona."

"Ulipoona mara ya kwanza tulipata wa kushoto."

Wazee waliokaa karibu walikohoa kwa pamoja. Nasif alipitisha uzi kwenye kidole cha mwisho, kisha cha pete, akauvuta, akafunga fundo. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Alipofikia kidole cha kati, ilimbidi aushike mkono wenyewe wa Faruk, ile nusu iliyobaki, ili apime urefu wa uzi. Akasimamisha sindano hewani.

"Baba, naomba ruhusa."

Faruk aliutoa mkono kutoka ndani ya kanzu. Palikuwa na wanaume wasiopungua thelathini barazani, na wengi wao, kwa miaka sita, hawakuwa wameuona. "Shika," alisema.

Sheikh aliketi pembeni yake. "Afande, nikuambie jambo. Kushikana mikono ni desturi njema, lakini si nguzo. Ukimwoza kwa maneno tu, ndoa imetimia. Ndoa hufungwa na maneno."

"Najua, Sheikh," alisema Faruk. "Maneno ndiyo yaliyotufikisha hapa."

Kidole cha shahada kikaingia. Gumba likaingia mwisho, upande wa ndani, likitazama pale gumba linapotakiwa kutazama. Nasif akafunga mikanda ya ngozi, akaijaribu, akailegeza tundu moja.

"Inamisha kifundo, Baba."

Faruk akainamisha. Nyuzi zikavutika na vidole vikajikunja, kimoja baada ya kingine. Cha kati kilichelewa kidogo, kikawafuata wenzake.

"Kinyooshe."

Vikafunguka. Faruk alirudia mara tatu. Juu ya kiganja, karibu na shina la gumba, kovu la msumari lilionekana upande ambao msumari haukupata kufika.

Wakaingia ndani. Mkeka ulikuwa umetandikwa, mashahidi wamekaa, na Jamiru, ambaye mwaka ule mwingine alikaa katikati, alisogea mwenyewe hadi ukingoni bila kuambiwa na mtu. Faruk aliketi, magoti yakigusana na ya Nasif. Akautoa mkono wa kulia. Nasif akauweka wake ndani yake, na kifundo kikainama, na vidole vya rangi ya kahawa vikafunga juu ya vile vya kijana.

Sheikh alitaka kumtangulizia maneno ili ayafuate, kama ilivyo kawaida kwa akina baba ambao huingiwa na hofu. Faruk alitikisa kichwa. Aliyasema peke yake, kwa sauti iliyofika dirisha la wanawake, kila neno mahali pake:

"Nasif, nimekuoza binti yangu Khadija kwa mahari tuliyokubaliana."

"Nimekubali kumwoa Khadija kwa mahari hayo."

Upande wa wanawake vigelegele vilipanda. Watu walipeana mikono, mashahidi walitia sahihi, na sheikh aliinua viganja vyake kwa ajili ya dua. Akangoja. Waliokuwa mbele waliinua vyao. Faruk na Nasif walikuwa bado wameshikana.

"Afande," alisema sheikh, "mwachie kijana tuombe dua."

Kifundo cha Faruk hakikuinuka.

"Anza tu, Sheikh. Sisi tutaitikia hivi hivi."

Sheikh akaanza. Nasif alikaa macho chini, mkono wake umebanwa barabara. Hakujua kama uzi umekwama au haukukwama, na hakuthubutu kuuliza.